Barua ya Bosi Ilifika Jumatatu

Wiki jana dada mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Dada, nimemaliza ukutubi, nimepata kazi maktaba ya hospitali, sasa nataka ufadhili wa mafunzo ng'ambo. Nianzie wapi?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Kumbe alikuwa anatonesha kidonda.

Mara ya kwanza niliukimbilia ule wa mwaka mzima wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kule Bethesda. Nikakesha siku tano nikipamba insha: eti tangu utotoni napenda harufu ya vitabu! Nilipokaribia kutuma ndipo nikasoma masharti: shahada ya uzamili kutoka chuo kilichoidhinishwa na ALA, chama cha wakutubi cha Marekani. Yangu ni ya kwanza, tena ya hapa nyumbani. Nikafunga kompyuta, nikaenda Dunga, ufukweni Kisumu, kula samaki peke yangu. Mpendwa, soma masharti kwanza.

Ufadhili wa Cunningham ndio ulionifaa, maana ulibuniwa kwa wakutubi wa afya walio nje ya Marekani na Kanada. Insha ya utotoni nikaitupa. Niliandika kuhusu daktari wa wodi ya watoto aliyeingia maktaba asubuhi akihema, ana mgonjwa wa selimundu, anauliza habari za haidroksiyurea kwa watoto wadogo. Alikuwa amemimina swali zima kwenye Google. Nikamfungulia PubMed, hazina ya mtandaoni ya marejeo ya makala za tiba, nikamwonyesha MeSH, ile orodha yake ya istilahi iliyoanza 1960. Humo ugonjwa umeandikwa kinyumenyume: "Anemia, Sickle Cell". Nikaunganisha na jina la dawa kwa AND, yaani makala iwe na yote mawili, nikachuja umri, zikabaki makala za kusomeka. Mbili zilikuwa za kulipia. Tukazitoa Hinari, mpango wa WHO wa tangu 2002 wa kuzipa nchi maskini majarida ya afya bure au kwa bei nafuu. Chai yake ya saa nne ilikuwa bado ya moto. Hiyo ndiyo insha, jamani. Mapenzi ya vitabu kila mtu anayo.

Lakini bosi wangu wa wakati ule alikalia fomu ya mapendekezo wiki tatu. Kila nikipita mlangoni: "Kesho, mama." Ijumaa dirisha la maombi likafungwa. Jumatatu barua ikaja, muhuri safi kabisa, mistari minne, na jina langu limekosewa. Ninayo bado kwenye droo.

Mwaka huu nimekubaliwa kwingine, mafunzo ya mtandaoni ya miezi mitatu. Si Marekani, najua, lakini nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Kwa hiyo tafuta wadhamini wawili, watatu hata, na uwaombe mapema. Usimtegemee bosi mmoja. Nasema tena: usimtegemee bosi mmoja! Vijana wa leo tunapenda kusubiri, tunaogopa kusumbua wakubwa, halafu tunalia. Msumbue. Mpelekee rasimu ya barua aisahihishe tu. Jiunge na AHILA pia, chama cha habari na maktaba za afya Afrika, uwajue wakutubi wa afya wenzako Afrika nzima.

Nawe dada wa Kakamega, kabla hujanitumia insha, nitumie swali moja tu ulilolijibu ukaambiwa "asante" na muuguzi au daktari mwezi huu. Kama hulikumbuki, kesho shuka wodini.