Swali langu ni tuwalaumu lini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: timu kubwa ikiyumba, lawama ziende kwa wenye fedha na viongozi, au kwa kocha na wachezaji? Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma. Viongozi. Mimi ni Mwananchi, yaani mtu wa klabu ya soka ya Yanga, tangu utotoni, na nimeiona ikiyumba mpaka nikaogopa.

Mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Yusuf Manji, tajiri aliyekuwa akiibeba klabu kwa fedha zake, alijiuzulu uenyekiti Mei 2017, tukiwa tumechukua ubingwa mara tatu mfululizo. Baada yake mishahara ikawa ya kusubiri, na kocha Mwinyi Zahera akafika mahali pa kuwaomba mashabiki wachangie. Bakuli likatembezwa. Msimu wa 2018/19 tulimaliza wa pili kwa pointi 86, Simba wakiwa na 93. Vijana waliotupa pointi 86 katika hali ile, nani awalaumu? Hilo kwangu halina mjadala.

Jumapili moja ya msimu huo nilikuwa kijiweni kwetu Morogoro. Watani wetu wa Simba walikuwa benchi la pili wanatuita ombaomba, na mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wenzangu wote. Uongozi mzima ujiuzulu, nikataja mmoja mmoja, mpaka nikasimama. Mzee muuza kahawa, Yanga wa siku nyingi, ananijua tangu niko shule ya msingi, akaweka birika chini. Akalichukua bakuli la bati analooshea vikombe, akamwaga maji, akatia noti ya elfu mbili, akanikabidhi.

"Mwanangu, anza wewe. Ukimaliza tuonyeshe kadi yako, twende pamoja tukawaulize."

"Kadi ninayo, mzee."

"Umeilipia mpaka mwaka gani?"

Ada niliilipa mara ya mwisho kabla sijaoa. Siku hiyo mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la tatu. Sikumjibu. Nilitia elfu tano, nikalipitisha. Lilipomrudia, mzee alizitandaza noti juu ya kitambaa kwa sababu bakuli lilikuwa bado na majimaji, akahesabu mara mbili kwa sauti, sote tukisikia: shilingi 31,500. Akamtuma kijana kwa wakala. Kahawa haikumiminwa tena mpaka ujumbe wa muamala ulipoingia na simu ikazungushwa, kila mtu akausoma mwenyewe, hata wale watani.

Nimeisimulia hii mara nyingi kama habari ya aibu yangu. Leo naiandika na naona kitu kingine. Kwa shilingi 31,500 mzee yule alitupa hesabu kamili. Miaka mitatu ya ubingwa kabla ya hapo, mimi sikuwahi kumuuliza mtu yeyote Yanga inaingiza kiasi gani, inatumia kiasi gani, na mfuko wa mwenyekiti ukifungwa kesho wachezaji watalipwa na nini. Klabu ni ya wanachama, na wanachama tulikuwa tunashangilia. Manji alipofariki Januari 2024 niliumia kweli, maana alitoa cha kwake na hakuna aliyemlazimisha. Simlaumu kwa kuondoka. Tajiri ana haki ya kuchoka.

Kwa hiyo nimeanza na viongozi, na sasa siwezi kuwatwika yote wale waliobaki na nyumba isiyo na kitu. Waliokuta bakuli nawasamehe zaidi kuliko waliokuwa mezani wakati wa kombe, na mezani pale nasi wanachama tulikuwepo. Hii ni kwa klabu zetu za wanachama, si kwa timu ya kampuni, ambako mwenye mali ni mmoja na anajulikana. Na sisemi kwamba kila kiongozi wa wakati wa shida ni msafi.

Ila tumetwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2022 mpaka 2025, fedha za wadhamini wetu, kampuni ya GSM, zikiwa nyuma yetu, na kijiweni hakuna anayeuliza mapato. Mkutano mkuu ujao naomba taarifa ya fedha isomwe kabla ya hotuba, wajumbe wakiwa bado hawajaanza kuimba. Ada yangu nimelipa, na risiti ninayo.

Msomaji, Morogoro