Sina koneksheni kwenye rasilimaliwatu, nifanyeje?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimaliwatu wa kiwanda hapa Morogoro, mwaka wa nne sasa. Wenzangu wa Dar wanapata nafasi nzuri hata kabla hazijatangazwa, kwa kuwa wanajuana. Mimi sina ndugu wala rafiki wa karibu kwenye fani hii. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, wala si rafiki wa karibu unayemhitaji. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Katika makala yake ya 1973, chini ya 17 kwa kila 100 ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara mojamoja. Rafiki wa karibu anayajua yale yale unayoyajua. Habari mpya inatoka kwa wa mbali.

Sasa, wa mbali atakukumbukaje? Kwa kazi yako. Sisi maafisa rasilimaliwatu mara nyingi tuko peke yetu kampuni nzima, na mengi tunayoyashika hayasemeki ofisini, kwa hiyo tunaulizana nje. Usiku mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Mfanyakazi kapewa barua leo mchana, kikao cha nidhamu ni kesho asubuhi. Ni sawa?" Ukimjibu kwamba Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, lenye kanuni za utendaji bora kazini, linataka kwa kawaida muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kwamba mfanyakazi ana haki ya kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chake, umemwokoa asije akashindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoamua migogoro ya kazi. Bosi wake akitafuta meneja, jina lako litatajwa. Kwa maoni yangu, jibu moja la namna hiyo lina uzito kuliko CV ishirini ulizosambaza.

Ila chunga mdomo. Usitaje jina la mfanyakazi, wala usipige picha faili lake ukaitupia kwenye kundi. Achilia mbali kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, nani atamkabidhi siri za kampuni mtu aliyemwona akimwaga za kwingine?

Anza na maafisa wa viwanda jirani, kisha mwombe mwajiri akupeleke kwenye mafunzo ya Chama cha Waajiri Tanzania (ATE). Kama unalenga serikalini, hesabu ni nyingine: nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na huko jiandae kwa usaili.