Maji ya Sabaki yakitulia, usidhani yametakata

Kwetu ni ng'ambo ya daraja la Sabaki, ukitoka Malindi mjini kwenda Mambrui. Bomba likikauka, na hukauka, tunateka mtoni. Kanuni niliyorithi kwa ami yangu ilikuwa fupi: tia pipani, ngoja tope lishuke, chota ya juu, tia dawa, kunywa. Vuli moja kanuni hiyo ilinitia aibu.

Malindi hakukuwa kumenyesha hata tone, na mto ukaja. Wageni hushangaa, lakini Sabaki ni jina la mwisho tu la safari ndefu: maji huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi, hupita Ukambani, hukutana na mto Tsavo yakawa Galana, ndipo yanafika kwetu. Mvua ikipiga Machakos, sisi huletewa gharika na jua linawaka. Nikateka ndoo sita. Baada ya siku mbili tope lote lilikuwa chini, ila maji yenyewe yalibaki na wekundu wa chai ya mkandaa, yaani maji yaliyolowekwa gome la mkoko. Nikatia klorini, kipimo cha siku zote. Nusu saa baadaye, harufu hakuna. Nikaongeza, ikapotea tena. Wiki hiyo watoto wawili wakaharisha.

Mpwa wangu anayesomea mambo ya maji chuoni alicheka kidogo, kisha akaniambia, "Mjomba, tope umelitoa. Chai hujaitoa."

Chai hiyo ndiyo wataalamu wanaiita kaboni ogani iliyoyeyuka. Ni utomvu wa majani yaliyooza, nyasi na samadi. Kama gome la mkandaa likilowekwa, maji huchukua rangi na gome likabaki. Hupita hata kwenye chujio lenye vitundu vya mikromita 0.45, chini ya nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Leso ya kuchujia itaizuia vipi? Nayo ndiyo iliyokula klorini yangu kabla dawa haijawafikia vijidudu. Kibaya zaidi, klorini ikikutana nayo huzaa kemikali nyingine zisizofaa kunywewa miaka nenda miaka rudi.

Kwa nini chai ilikuwa nyingi siku ile? Kiangazi, maji ya mto hutoka zaidi chini ya ardhi, yamepita kwenye mawe na mchanga, na chai ni kidogo. Tazama chemchemi za Mzima zinazoingia Tsavo: maji yamechujwa na miamba ya Chyulu, unaona samaki wakiogelea. Mvua kubwa ikija baada ya ukame, maji hupita juu juu, kwenye tabaka la udongo lenye mabaki ya miezi mizima, yakayasomba yote. Mvua zikiendelea, ghala la juu huisha na rangi hupungua ijapokuwa mto bado umejaa. Ila usikosee hapa: rangi ikififia, mzigo wote unaoteremka baharini bado ni mkubwa, kwa kuwa maji ni mengi.

Nilitaka kuona mwenyewe. Nikapiga alama kwenye mti wa ukingoni, nikajaza chupa mto ukipanda alama hiyo, na nyingine siku ukishuka hadi alama ile ile. Tope lilipotulia nikaziweka mbele ya karatasi nyeupe. Kina kimoja, rangi mbili! Ya kupanda ilikuwa nzito zaidi. Kwingine huwa kinyume, hasa kwenye vinamasi vya nyasi na misitu, ambako udongo hutoa chai yake polepole. Kwa hiyo upime mto wako, usikopi wangu.

Sasa maji ya kwanza ya gharika siyateki ya kunywa. Ni ya mchicha. Pipa la akiba hujazwa kabla ya msimu. Nikilazimika, natia shabu kidogo, ile chumvi ya kusafishia maji, nakoroga, naacha mabonge yashuke. Shabu hunasa tope na sehemu ya ile chai pia. Kisha nachuja, ndipo natia klorini. Nusu saa ikipita na pua haisikii dawa hata kidogo, yale si ya kunywa bado. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chai hubaki palepale.

Na kiangazi nacho usikiamini sana. Mto ukibaki vidimbwi, kinyesi cha viboko hukolea humo, na maji machafu ya miji ya juu hayana cha kuyazimua. Ami yangu bado anasema maji yenye rangi yana nguvu. Nampa yale ya pipa la shabu, hunywa akasema ni matamu, wala haulizi.