Kabla Hujanunua Darubini, Zoeza Jicho Lako

Darubini yangu ya kwanza ilikaa juu ya kabati miezi saba. Nilikuwa nimeitamani kwa muda mrefu, na boksi lake lilikuwa na picha ya Zohali yenye pete za rangi ya dhahabu, pamoja na maandishi makubwa: inakuza mara 500. Usiku wa kwanza nilifunga lenzi ya kutazamia yenye nguvu kuliko zote, nikahangaika karibu saa nzima kuitafuta sayari. Nilipoipata niliona doa la ukungu lililorukaruka kila nilipogusa stendi. Niliumia. Nilidhani macho yangu ni mabovu.

Kama darubini yako nayo iko juu ya kabati sasa hivi, au kama unajiandaa kununua, haya ndiyo mambo ambayo ningependa mtu angenikalisha chini akanieleza wakati ule.

La kwanza ni kwamba jicho hufundishwa. Mwaka 1690 John Flamsteed, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, aliiona Uranus na kuiandika kwenye orodha yake kama nyota ya kawaida. Tarehe 13 Machi 1781, William Herschel, aliyekuwa akijipatia riziki kwa muziki, aliitazama nuru hiyohiyo kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, na akatambua kuwa haikuwa nukta kama nyota nyingine, ilikuwa na umbo la kisahani. Alidhani ni nyota-mkia. Alikuwa ameipata sayari mpya. Darubini yake ilikuwa bora, hilo ni kweli, lakini pia alikuwa amekesha usiku mwingi akizikagua nyota moja moja, hata kitu kisicho nyota kilipopita mbele yake kikamshtua.

Mazoezi yenyewe huanza na giza. Mboni hupanuka haraka ukitoka nje, ila sehemu ya ndani ya jicho inayopokea nuru hafifu huhitaji dakika 20 hadi 30 kuamka sawasawa. Ukichungulia simu mara moja tu, umeanza upya. Tumia taa nyekundu iliyofifia kusoma ramani yako ya nyota. Na kama taa ya jirani inakupiga usoni, jifunike kitambaa cheusi kichwani pamoja na sehemu ya kutazamia. Mimi nilichelewa sana kufanya hivyo kwa kuona haya, nikapoteza mengi.

Halafu kuna mbinu ya kutazama pembeni. Sehemu ya katikati ya jicho huona vizuri mchana, lakini gizani huwa dhaifu. Chembe zinazonasa nuru kidogo zimejaa zaidi kando yake. Kwa hiyo ukitaka kuona kitu hafifu, usikikazie macho. Tazama kando kidogo, nacho kitajitokeza. Galaksi ya Andromeda niliitafuta usiku tatu bila mafanikio. Usiku wa nne niligeuza jicho kuelekea nyota ya jirani, na palepale pembeni ukajitokeza moshi mwembamba, mrefu kidogo, wa kijivu. Nuru ile ilianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita, na iliishia kwenye jicho langu.

Nimesema kijivu, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Picha tunazoziona zenye zambarau na waridi zimepigwa na kamera iliyoachwa wazi kwa dakika nyingi, pengine saa kadhaa, ikikusanya nuru bila kuchoka. Jicho haliwezi kukusanya hivyo, na chembe zake zinazotambua rangi hazifanyi kazi kwenye nuru ndogo namna ile. Mtu akinunua darubini akitarajia kuona picha hizo, darubini yoyote itamvunja moyo, iwe ya bei gani. Ukijua mapema, ule moshi wa kijivu unakuwa na uzito wake. Kamera imempigia mtu mwingine picha nzuri. Wewe nuru yenyewe imekufikia.

Sasa darubini. Usidanganywe na namba ya ukuzaji kwenye boksi. Kinachohesabika ni upana wa lenzi ya mbele au kioo kinachopokea nuru. Kwa makadirio, ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya kipenyo hicho katika milimita. Darubini yangu ilikuwa ya milimita 60, kwa hiyo ikivuka mara 120 kinachokuzwa ni ukungu tu. Anza na lenzi ya kutazamia yenye nguvu ndogo kila mara, tafuta kitu chako, kisha ndipo upandishe. Stendi ikitetemeka, ning'iniza mzigo katikati yake. Lakini kwa mwaka wa kwanza ningekushauri ununue darubini ya macho mawili, ile ya 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele katika milimita), uegemee ukuta au ulale chali, ujifunze njia za angani. Utaitumia maisha yako yote, hata ukija kuwa na darubini kubwa.

Kwa Mwezi, epuka siku unapokuwa mpevu. Jua linaupiga usoni, hakuna vivuli, kila kitu kinaonekana bapa. Nenda siku zile unapokuwa nusu, utazame mpaka kati ya nuru na giza. Siku moja au mbili baada ya nusu ya kwanza, jua huanza kuchomoza juu ya kasoko ya Copernicus, shimo kubwa la duara kwenye uso wa Mwezi, ambalo upana wake ni kilomita 93 hivi. Kwanza kingo, halafu ngazi za kuta zake, halafu vilele vya katikati vinashika nuru huku sakafu ikiwa bado nyeusi. Rudi baada ya saa moja, vivuli vimesogea. Ninaijua kasoko ile kama watu wanavyojua uso wa mlima ulio mbele ya nyumba yao.

Sayari iliyonirudisha kabisa ni Mshtarii, yaani Jupiter. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliona nukta tatu kando yake tarehe 7 Januari 1610, na siku chache baadaye akaona ya nne: ni miezi inayoizunguka. Zote nne unaweza kuziona kwa darubini ndogo. Nilinunua daftari, kila usiku nikachora duara na nukta zake, bila kutazama programu yoyote ya kunitajia majina. Mwezi uitwao Io huizunguka kwa siku moja na robo tatu hivi, na ule uitwao Callisto kwa karibu siku 17, kwa hiyo mchoro haufanani na wa jana. Baada ya wiki mbili nilianza kuzitambua kwa mwendo wake. Usiku mmoja nilichora nukta tatu, nikainua macho kutoka daftarini, nikakuta ya nne inachomoza ukingoni mwa sayari, taratibu, hadi ikaachana nayo. Nililia kidogo, sioni sababu ya kulificha hilo.

Usiku wa namna hiyo hauji kwa kuagizwa. Anga safi si lazima liwe tulivu: nyota zikimetameta sana, hewa ya juu inachemka na sayari zitatikisika. Usiku huo achana na sayari, tafuta makundi ya nyota. Na mara nyingine usiku wenye utandu mwepesi ndio unaokupa Zohali iliyotulia kabisa. Mawingu sina dawa yake. Nilijiandaa wiki tatu kwa kupatwa kwa Mwezi, na dakika ishirini kabla kivuli hakijaugusa, wingu likatanda hadi alfajiri. Bado inaniuma. Tangu hapo najizuia kuweka matumaini yangu yote kwenye tukio moja, na vifaa vyangu ni vyepesi kiasi kwamba mwanya wa dakika kumi unatosha kutoka nje na kuona kitu.

Kuhusu Jua, naomba unisikilize kwa makini. Usilielekezee darubini hata sekunde moja bila kichujio maalumu kilichofunika mdomo wa mbele wote. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya kutazamia hupasuka kwa joto, na jicho likiungua halirudi. Kama darubini yako imekuja nacho, kitupe.

Mwanzo hauhitaji kununua chochote. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kikiwa juu na Mwezi haupo, kaa gizani nusu saa, ukitazame kwa macho matupu, uhesabu nyota unazoziona hakika, si zile unazozihisi tu. Andika idadi na tarehe. Mimi usiku wa kwanza niliandika sita. Mwaka uliofuata, mahali palepale, niliandika tisa.