Maswali ya Gereji: Kuigeuza HiAce kuwa Fowili Uwani Nyumbani

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii kutoka Mtwara na Lindi yanahusu kazi moja: HiAce ya kuvuta nyuma ifungwe fowili (4WD, yaani tairi zote nne zivute) nyumbani kabla mvua hazijakolea. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyajibu pamoja.

Shikamooni mafundi. Napeleka abiria na samaki kwa HiAce njia ya Msimbati, na mchangani inakwama mara kwa mara. Nifunge fowili? (Msomaji, Mtwara)

Marahaba. Kwa mchanga wa Msimbati, anza na upepo wa tairi. Tairi yenye upepo wa psi 45 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) inakanyaga mchanga kwa sehemu ndogo, kwa hiyo inachimba. Shusha hadi 18 gari likiwa tupu, au 22 hadi 25 likiwa na mzigo, na unyayo wa tairi utarefuka na kuelea juu ya mchanga. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, usikate kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya kupanda lami. Tairi laini kwenye lami hupata moto na kupasuka. Pampu ndogo ya betri inakutosha.

Hatua ya pili ni difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli zinazogawia tairi mbili nguvu) yenye LSD au loki, yaani kifaa kinachozuia tairi moja isizunguke bure. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi inayoteleza, ndiyo maana unaona moja inazunguka bure na mwenzake imetulia. Mambo hayo mawili ni kazi ya siku moja au mbili. Fowili ni kazi ya wiki kadhaa, gari likiwa juu ya stendi na biashara imesimama. Ifunge kama njia yako ni ya udongo na milima wakati wa mvua, kwa mfano upande wa Liwale, ambako tairi za mbele zinahitaji kuvuta zenyewe.

Nimeuziwa ekseli ya mbele ya Hilux ya zamani, nzima kabisa. Gari langu ni HiAce ya injini ya 3L. Itaingia? (Msomaji, Masasi)

Kuingia itaingia, ila itakuletea matatizo matatu.

La kwanza ni karai la oili. Injini ya HiAce imekaa katikati ya viti vya mbele, karibu kabisa na mstari wa ekseli. Ekseli ya Hilux ni ya mti mmoja: gari likitumbukia shimoni, mti wote unapanda pamoja na pumba la difu. Kabla hujakata chochote, weka ekseli chini ya gari, ipandishe kwa jeki hadi pale itakapogonga raba ya kuzuia, kisha pima nafasi iliyobaki hadi kwenye karai. Ikiwa chini ya sentimita 2.5, karai litatoboka siku ya kwanza ya makorongo. Wengi huishia kuinua bodi sentimita 10 au zaidi, na HiAce iliyoinuliwa hivyo ikiwa na mizigo juu ya keria huyumba vibaya kwenye kona.

La pili ni gia. Gia boksi ya Hilux 4WD ya 3L inakaa vizuri nyuma ya injini yako kwa sababu injini hizo ni za ukoo mmoja. Lakini mti wake wa gia unatokea juu ya gia boksi yenyewe, na kwenye HiAce hapo ni nyuma ya dereva, miguuni kwa abiria. HiAce hubadilishia gia kwa mbali, na kutengeneza mfumo huo upya kwa kuchomelea hutoa gia zinazokwama.

La tatu ni nati za tairi. Hilux 4WD ina nati 6 na HiAce nyingi za zamani za kuvuta nyuma zina 5; yako ikiwa hivyo, utabeba spea mbili tofauti, moja ya mbele na moja ya nyuma.

Ushauri wetu: iuze hiyo ekseli, utafute nusu mkato (gari lililokatwa na kuuzwa kama spea) wa HiAce iliyotoka Japani ikiwa fowili, ya umbo lile lile na injini ile ile. Toa vyote kwenye gari hilo hilo: gia boksi na transfa yake (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela zote mbili (miti inayopeleka mzunguko kwenye difu), difu ya mbele na krosimemba yake (boriti ya kukingama inayoibeba), shafti za mbele, nako (kipande kinachogeuka pamoja na tairi) na habu, tosheni baa, karai la oili na bomba lake la kunyonyea, difu nzima ya nyuma, nyaya au fimbo za gia, hata bolti. Muuzaji akikwambia krosimemba imeshakatwa, mshukuru uondoke. Bila hiyo huna kipimo cha mahali difu inapokaa.

Fundi wa jirani anasema transfa ya Suzuki ndogo imejitenga na gia boksi, kwa hiyo inafungika kwenye gari lolote. Kweli? (Msomaji, Nachingwea)

Imejitenga kweli, na hilo ndilo linalowavutia watu: gia boksi ya HiAce inabaki ilivyo, unaweka propela fupi kati yake na transfa. Tatizo ni kwamba transfa ya Suzuki SJ413, hata ikiwa gia ya juu, hupunguza mwendo kwa 1.409. Injini itakayokuwa inazunguka mara 2,500 kwa dakika ukiwa na mwendo wa 80 itafika mara 3,500 kwa mwendo ule ule. Tena ilitengenezwa kwa gari dogo, si kwa HiAce yenye abiria na magunia ya korosho. Ukitaka transfa iliyojitenga, tafuta ya gari zito ambayo gia yake ya juu ni 1 kwa 1.

Nimepata difu ya mbele na ya nyuma kutoka magari mawili. Nitajuaje kama zinaoana? (Msomaji, Lindi Mjini)

Hesabu meno, usisikilize maneno ya muuzaji. Difu ikiwa chini na kifuniko kimefunguliwa, gawa meno ya kraunwili (gia kubwa ya difu) kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha): 41 kwa 10 ni 4.100, 37 kwa 9 ni 4.111, 43 kwa 10 ni 4.300, 41 kwa 9 ni 4.556.

Difu ikiwa kwenye gari, fanya hivi. Weka gia huru, zuia kwa kabari tairi za ekseli nyingine, inua tairi moja tu na uiache ya pili ikanyage chini. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine juu yake kwenye bodi, kisha alama pembeni mwa tairi. Zungusha tairi mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa tairi ya pili imesimama, mizunguko 20 ya tairi moja ni sawa na mizunguko 10 ya difu. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.1, ikizunguka mara 45 na nusu na kidogo, ni 4.556. Njia hii haifai kwa difu yenye LSD au loki. Hiyo inua tairi zote mbili na uzizungushe pamoja mara 10.

Tofauti ya 4.100 na 4.111 haifiki hata theluthi moja ya asilimia moja, na mchangani haina madhara. Ya 4.100 na 4.300 ni karibu asilimia 5, na hiyo usiifunge. Kila kilomita moja tairi za mbele zitataka kuwa mita 50 mbele au nyuma ya zile za nyuma. Tairi haziwezi, kwa hiyo mvutano unaishia kwenye krosijointi, cheni au meno ya transfa, na kimoja kitakatika.

Ukubwa wa tairi nao unaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Mpya mbele na zilizolika nyuma huleta mvutano ule ule kwa kiasi kidogo. Na ukitoka 195/80R15 kwenda 225/75R16, kipenyo kinaongezeka kwa zaidi ya asilimia 7: spidimita ikisoma 80, wewe uko kwenye 86.

HiAce haina chasisi ya chini kama lori. Krosimemba ya transfa naichomelea wapi? (Msomaji, Ruangwa)

Kwenye reli za bodi, lakini usichomelee moja kwa moja kwenye bati lake. Bati hilo ni jembamba. Fimbo ya kuchomelea italitoboa, na pale ambapo haikutoboa litapasuka pembeni mwa mshono baada ya miezi michache ya barabara za vumbi.

Kata sahani za milimita 5, ndefu angalau sentimita 20, moja ndani na moja nje ya reli. Toboa reli kupita pande zote mbili, na ndani ya kila tundu weka kipande cha bomba zito chenye urefu sawa na upana wa reli. Hicho ndicho kinachozuia reli isipondeke unapokaza bolti. Tumia bolti za M12 za daraja 8.8 au 10.9, bolti laini za mlangoni hazifai hapa. Krosimemba ikae juu ya raba, kwa sababu ukiwa kwenye gia ndogo, transfa hujipinda kwa nguvu kubwa, na ikifungwa kavu mtikisiko wote utaingia kwenye bodi.

Sahani kwa sahani tumia fimbo za kuchomelea aina ya 7018 za milimita 3.2. Zikikaa wazi kwenye hewa ya pwani hunyonya unyevu na kuacha vitundu ndani ya mshono, kwa hiyo pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita ikaushwe kwanza kwenye oveni ya fimbo. Kabla ya kuwasha mashine, toa nyaya zote mbili za betri, chomoa alteneta, shusha tangi la mafuta ulipeleke mbali, na uweke ndoo ya mchanga karibu. Sehemu za stelingi, yaani mikono, tairodi na nako, hazichomelewi hata kidogo.

Nimeshamaliza kufunga, gari limepanda sentimita 5. Sasa breki za nyuma hazishiki vizuri na nimeshatoa hewa mara tatu. (Msomaji, Kilwa Masoko)

Hewa imekwisha siku nyingi. Lala chini ya gari nyuma, utaona valvu imefungwa kwenye bodi, na mkono wake umeshuka hadi kwenye difu. Valvu hiyo husoma mzigo. Bodi ikishuka karibu na difu inajua umebeba, inaruhusu breki nyingi nyuma. Bodi ikipanda inajua gari tupu, inazibana. Wewe umeinua sentimita 5, kwa hiyo inaamini gari ni tupu saa zote. Tengeneza kishikio kwenye difu kilichopanda sentimita 5 hizo hizo, mkono urudi kwenye pembe yake ya zamani. Usiifunge valvu kwa waya ibaki wazi; kwenye lami yenye maji tairi za nyuma zitajifunga kabla ya zile za mbele na gari litageuka.

Ukiwa hapo chini, ninginiza tairi na uzungushe usukani hadi mwisho kila upande. Paipu ya breki ikikaza hata kidogo, nunua ndefu.

Ndugu yangu alishafunga ekseli ya Hilux kwenye HiAce kabla hatujawasoma. Ikifika 60 na ikapita shimo, usukani unatetemeka hadi usimame. (Msomaji, Tandahimba)

Usiendelee kuliendesha hivyo. Kagua kwanza bolijointi za tairodi na baransi ya tairi, kisha nenda kwenye beringi za juu na chini za nako. Inua gari, toa tairodi, na oili sili ya nyuma ya nako ilegezwe isishike. Chukua mizani ya springi ya kupimia samaki, inasa kwenye tundu la tairodi, vuta taratibu kwa pembe mraba. Nako ianze kugeuka kati ya kilo 3 na 6. Ikigeuka kwa kilo 1, beringi zimelika au shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) zimezidi. Punguza shimu moja nyembamba, kaza, pima tena. Ikikwaruza inapogeuka, badilisha beringi na vikombe vyake.

Zikiwa sawa na bado inatetemeka, pima kasta, yaani mlalo wa nako kuelekea nyuma: iwe nyuzi 2 hadi 4. Hurekebishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Kumbuka kwamba ukiongeza kasta, pua ya pinioni inashuka na pembe ya propela inakuwa kali zaidi, kwa hiyo usiongeze kupita mahitaji.

Propela ya nyuma tumeikata ikapungua, sasa inanguruma kuanzia 70. (Msomaji, Newala)

Angalia kwanza kama uma za ncha mbili zimelala usawa mmoja. Zikipishana, hakuna baransi itakayoponya. Halafu pembe ya ncha ya mbele na ya nyuma zisitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 1. Mwisho, ipeleke kwa fundi wa leiti aipime mzunguko. Gari likiwa limesimama, spline (ncha ya propela yenye meno inayoteleza ndani na nje) iwe na nafasi ya kuingia ndani sentimita 2.5 au 3 zaidi, la sivyo shimoni propela itasukuma gia boksi.

Naweza kuiacha kwenye 4WD njia nzima, Mtwara hadi Lindi? (Msomaji, Mikindani)

Kama ni ya kubadilisha kwa mti wa transfa, hapana. Haina difu ya katikati, na kwenye kona tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Mti ukikataa kutoka, rudi nyuma moja kwa moja mita chache, utaachia. HiAce za fowili za umbo jipya, kama KDH206 na TRH219, hukaa fowili muda wote na zina kifaa cha katikati cha kugawa nguvu, lakini hazina gia ndogo.

Kadi ya gari je? (Wasomaji kadhaa)

Injini ikibadilika, namba mpya iingizwe kwenye kadi kupitia TRA, kwa hiyo tunza risiti na nyaraka za nusu mkato. Namba ya chasisi usiiguse kwa kukata wala kwa puti. Ijulishe bima kwa maandishi. Gari la abiria lifanyiwe ukaguzi wa polisi na uwaone LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kabla ya kurudi barabarani.

Nimevuka mto mara moja tu, oili ya difu ya mbele imekuwa kama chai ya maziwa. Sili ni mpya. (Msomaji, Liwale)

Difu iliingia majini ikiwa ya moto. Hewa ya ndani ikapoa ghafla, ikasinyaa, ikavuta maji kupitia mdomo wa sili, kwa sababu kipumulio kimeziba au kilizama. Fungua kipumulio kilicho juu ya difu, funga mpira wa mafuta, uupandishe hadi ndani ya bodi, ncha ikitazama chini. Fanya hivyo kwa difu zote mbili na transfa.

Oili hiyo imwage ikiwa bado ya moto, weka mpya, tembea kilomita 20 au 30, mwaga tena, kisha weka oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito 80W-90, ya kudumu. Gia boksi usiiwekee hiyo GL-5 kama kitabu chake kinataka GL-4, inaweza kula pete za shaba. Baada ya kilomita 500 legeza nati ya kujazia uchovye kidole. Ukiona weupe tena huku kipumulio kiko wazi, fungua sili ya pinioni kwanza.