Kura chache hivyo zatosha kukagua uchaguzi wa jimbo zima?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Aurora, Colorado, huku uchaguzi ukiisha wanarusha dadu alafu wanavuta karatasi chache sana za kura wanasema tayari wamekagua. Kura zenyewe mamilioni! Hiki si kiinimacho? Na mbona Georgia 2020 walihesabu zote?

JIBU: Salama kaka. Si kiinimacho, ila nakuelewa, watu wengi wanaamini kura zikiwa nyingi basi na sampuli lazima iwe kubwa. Mtoto wa miaka miwili na baba wa kilo mia wakienda kupima malaria wote wanatobolewa kidole na tone ni lile lile, maana damu inazunguka. Kwenye kura kazi ya kuzungusha inafanywa na hizo dadu.

Kinachoamua uvute karatasi ngapi ni pengo la mshindi na anayemfuata. Tuseme wamekubali risiki ya asilimia 5, yaani kama mshindi aliyetangazwa siye, ukaguzi una nafasi isiyozidi 5 kwa 100 ya kumpitisha kimakosa. Kwa mtindo wa Colorado wa kulinganisha karatasi moja moja na ilivyosomwa na mashine, pengo la asilimia 10 linataka karatasi kama 62 hivi, asilimia 1 kama 620, nusu asilimia unafika 1,240, na hapo ni kama hamna kosa lolote lililoonekana, yakionekana wanaongeza tu, hadi ikibidi wahesabu zote kwa mkono. Hesabu hizi asili yake ni Philip Stark, mtaalamu wa takwimu wa chuo kikuu cha Berkeley. Colorado walipitisha sheria 2009 lakini jimbo zima lilianza kukagua hivi Novemba 2017, na ndo walikuwa wa kwanza Marekani.

Sasa wewe unayeshuku usiangalie dadu, angalia kinachotangulia. Kaunti inapeleka kwanza kwa Katibu wa Jimbo, yaani msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo, orodha ya maboksi na rekodi za mashine, ikishafunga hapo ndo wanarusha dadu za nyuso kumi hadharani wapate tarakimu 20, na kompyuta inatumia tarakimu hizo kuchagua karatasi. Wakigeuza huo mpangilio imekula kwetu, mwizi atajua mapema asafishe wapi. Alafu wanaozivuta karatasi ni watu wa vyama tofauti, wanaandika wanachokiona kwa macho bila kuonyeshwa mashine ilisoma nini.

Georgia ni habari nyingine. Sheria yao ya 2019, HB 316, ilileta mashine ambazo mpiga kura anagusa skrini, inatoka karatasi yenye maandishi pamoja na msimbo wa QR, na skana inasoma QR. Nani anaweza kusoma QR kwa macho? Kwa hiyo ukaguzi ulisoma maandishi. Tena hawakuweza kuoanisha kila karatasi na rekodi yake, wakabaki na njia ya kuvuta karatasi na kujumlisha tu, ambayo pengo likiwa dogo inakula karatasi vibaya sana. Biden alishinda kwa kura 11,779 kati ya karibu milioni 5, kwa pengo hilo ungetakiwa kuchambua karatasi zaidi ya milioni moja kutoka maboksi ya jimbo zima, bora uhesabu zote yaishe. Na ilisaidia! Kaunti ya Fayette walikuta kadi ya kumbukumbu yenye kura 2,755 haijapakiwa, Floyd wakakuta karatasi zaidi ya 2,500 hazijaingizwa kwenye hesabu. Mshindi hakubadilika. Sheria ya 2024 ikaja kusema QR isitumike kuhesabu kura kuanzia Julai 1, 2026, na mimi naona walichelewa.

California wana ukaguzi wa asilimia 1 ya vituo tangu 1965, ila asilimia isiyobadilika mimi siipendi, pengo likiwa kubwa unachosha watu bure, likiwa dogo hujakagua kitu. Ukisoma muswada wa jimbo lolote tafuta mambo haya, karatasi ambayo mpiga kura aliiona mwenyewe, ukaguzi kufanyika kabla matokeo hayajaidhinishwa, na kipengele kinacholazimisha kuhesabu zote mambo yakikataa. Hicho cha mwisho ndo wanasiasa hupenda kukiruka.

Na hapo kwenu nenda kaulize ofisi ya karani wa kaunti swali moja tu, ile idadi ya karatasi kwenye kila boksi mliihesabu wenyewe au mliichukua kwenye skana? Maana wakiitoa kwenye skana, karatasi kama zile za Floyd hazimo kwenye orodha kabisa, na dadu hata urushe mara mia haziwezi kuchagua karatasi ambayo haimo.