Gari la zamani lisipotoa moto: maswali ya wasomaji

Land Rover yangu Series III ya petroli, stata inazungusha vizuri ila injini haiwaki. Fundi anataka ninunue koili. Ninunue?

Ngoja kwanza. Koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri uwe cheche, husingiziwa mno. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta (kigawa cheche kwa plagi), ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha ikae kama milimita 6 kutoka chuma cha injini, mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Ikiruka cheche ya bluu yenye mlio, koili ni nzima. Kagua kifuniko, rota (kipande kinachozunguka chini ya kifuniko), waya na plagi.

Hakuna cheche? Funga klipu ya taa ya testa kwenye bodi, ncha uguse upande wa koili wenye waya unaokwenda distribyuta. Stata ikizunguka, taa iwe inawaka na kuzima. Ikikaa imewaka tu, platini (ncha mbili ndani ya distribyuta zinazokata na kuunganisha umeme) hazigusani au zimechafuka: zipitishie msasa laini, kisha pima nafasi kati yake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia), milimita 0.35 hadi 0.40 kwa injini hiyo. Isipowaka kabisa, gusa upande wa pili wa koili. Huko nako giza? Umeme haufiki, fuata swichi na waya zake. Ukiwapo, chomoa kwenye koili ule waya wa distribyuta, urudie kugusa pale pa mwanzo. Taa ikiwaka sasa, platini hazifunguki au kondensa (kikopo kidogo kinachozuia moto kuruka kati ya platini) imepiga shoti. Isipowaka, koili imekatika ndani, na fundi wako alisema kweli.

Kila nikiweka platini mpya zinaungua upesi.

Kondensa hiyo. Ikichoka, moto unaruka kati ya platini kila zinapoachana. Badilisha, ila ile ya zamani ikipimwa ikawa nzima usiitupe; hizi mpya za bei rahisi mimi siziamini. Na usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa.

Corolla KE70 inawaka nikishikilia ufunguo, nikiachia tu inazima.

Tazama ubavuni mwa koili: kuna kipande cha kauri, ndiyo rizista, ya kupunguza umeme. Wakati wa stata umeme huikwepa na kwenda koili moja kwa moja. Ukiachia ufunguo unapitia hapo. Imekatika. Washa swichi, upime kwa multimita kila upande wake: volti zikiingia zisitoke, umempata mwizi. Zisipoingia, shuku swichi. Kuiunganisha kwa kipande cha waya kutakufikisha nyumbani, lakini usizoee, platini na koili zitaungua.

Nimeosha injini, sasa inamisi (inakatakata).

Fungua kifuniko cha distribyuta, kaushe ndani kwa kitambaa. Bado? Usiku washa injini gizani, boneti wazi: waya mbovu utauona unarusha cheche.

Njia hii ya kurusha cheche inafaa kwenye gari la EFI (lenye kupuliza mafuta kwa umeme)?

Hapana. Unaweza kuua moduli (kifaa cha kielektroniki kinachoongoza cheche), na moduli si bei ya platini.